Sauti za kwaya zimefutika, kinanda kimebaki

MUULIZE FUNDI WA SAUTI

Barua

Shikamoo dada,

Mimi ni prodyuza, nina kastudio kangu Majengo hapa Moshi. Riziki yangu kubwa ni vijana wa bongo fleva na hip hop wanaokuja na biti zao kwenye flashi, wanaingiza sauti, wanalipa, wanaondoka. Mwaka huu Mungu akanifungulia mlango, nikapata kwaya ya usharika mmoja wa huko juu Old Moshi: albamu ya nyimbo 8, mbili kati yake za Kichaga. Walinipa nusu ya malipo mkononi. Kwa studio kama yangu hiyo ni kazi ya kushukuru.

Tulirekodi kwa maiki nne, sauti ya kwanza mpaka ya nne kila moja na maiki yake, halafu waongozaji wakaingia mmoja mmoja. Gitaa la besi na la solo tulipiga hapa hapa. Kinanda na ngoma nilicheza mwenyewe kwenye kibodi. Natumia Cubase, programu ya kurekodi na kumiksi. Kompyuta ni ya mezani, ina diski mbili: SSD ndogo (diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka ndani) yenye Windows, na "hard disk" ya zamani ya kuzunguka, ya terabaiti 1, ninakoweka kazi zote.

Sasa hiyo kubwa ikajaa. Kuna dogo ananisaidia studio, mwelewa sana, ndiye anayefungua mlango nikiwa kwenye mizunguko. Mteja alikuwa anasubiri kurekodi na kompyuta inagoma, nafasi hakuna. Dogo akafungua projekti ya mwisho niliyoifanyia kazi, ya wimbo wa nane, ile niliyoondoa sauti zote za waimbaji ili mwalimu wa kwaya apate vyombo vitupu vya kuimbia siku ya uzinduzi. Akaingia kwenye menyu, akaondoa faili zisizotumika, kisha "Empty Trash". Ikamuuliza, akabonyeza "Erase". Nafasi ikapatikana, mteja akarekodi, kila mtu akafurahi.

Jioni nafungua wimbo wa kwanza nimalizie kumiksi, naletewa dirisha la kutafuta faili zilizopotea, orodha haina mwisho. Nikaifunga, nikapiga. Kinanda kinalia, ngoma zinalia, watu hakuna. Wimbo wa pili vivyo hivyo, mpaka wa nane. Recycle Bin nimeangalia, tupu.

Dada, sauti hizo zinaweza kurudi? Nimeuliza mafundi, mmoja anasema inawezekana, mwingine anasema nisahau. Halafu kwa nini zimeathirika nyimbo zote nane wakati dogo alifungua mmoja tu? Na mwalimu wa kwaya nimwambieje? Yule ni mzee wangu, alinifundisha sekondari, na uzinduzi umepangwa Novemba, mgeni rasmi ameshaalikwa. Dada aliyeongoza nyimbo tatu ameshaondoka, yuko chuo Dodoma. Huyu dogo nako, watu wananiambia nimkate hela. Wewe ungefanyaje?

Kwa sasa wateja wanaendelea kuja na ninawarekodi kama kawaida, maana kodi ya chumba haisubiri.

Prodyuza aliyekwama,
Majengo, Moshi

Jibu

Marahaba mdogo wangu, na pole sana.

Naanza na sentensi yako ya mwisho, maana ndiyo iliyonishtua kuliko zote. Acha kurekodi. Kama unasoma hapa kwenye simu, kaizime hiyo kompyuta kwanza ndipo uendelee kusoma.

Faili ikifutwa, sauti haiondoki saa ile ile. Windows inaifuta kwenye rejista ya diski na kuandika kwamba pale ilipokuwa sasa pako wazi. Sauti yenyewe inabaki pale pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na kwa sasa anayeandika juu yake ni wewe. Maiki moja ikirekodiwa kwa ubora wa kilohezi 48 na biti 24 inakula kama megabaiti 8.6 kwa dakika. Kijana akikaa kwenye maiki saa moja, ameshaandika zaidi ya megabaiti 500, na hakuna anayejua kama zimeangukia pembeni au juu ya sauti ya pili ya wimbo wa tatu.

Bahati yako ni hiyo diski ya zamani. Ingekuwa SSD ningekuambia jiandae kurudia kazi. Windows ikifuta faili kwenye SSD huipa taarifa kwa amri iitwayo TRIM kwamba zile sehemu hazihitajiki tena, na SSD huzisafisha yenyewe bila kusubiri uandike kitu kipya. Hao mafundi wawili waliokuchanganya inawezekana wote wamesema kweli, kila mmoja akiwa na diski yake kichwani.

Fungua kava la kompyuta, chomoa nyaya za ile diski kubwa, iache imelala. Nunua au azima eksteno, ile diski ya nje ya kuchomeka, yenye nafasi ya kutosha. Washa kompyuta kwa ile SSD, pakua Recuva na PhotoRec, programu za kufufua faili zilizofutwa, zote zinapatikana bure, uziweke hapo hapo kwenye SSD. Zima, rudisha nyaya, washa tena, na usifungue Cubase. Unachokifufua kiende kwenye eksteno. Usikirudishe kwenye diski unayoitafuta, hata kama programu inakuruhusu, maana utakuwa unafukia kwa mkono huu unachofukua kwa mkono ule.

Anza na Recuva. Yenyewe inasoma kilichosalia kwenye rejista ya diski, kwa hiyo faili ikipatikana mara nyingi inarudi na jina lake na folda yake, na hata kama ilikuwa imegawanyika vipande hapa na pale, rejista bado inajua vilipo. Baada ya hapo ndipo uende PhotoRec kwa zile zilizokosekana. Hii haijali rejista. Inapita diski nzima ikitafuta alama ambayo kila WAV, yaani faili ya sauti ghafi kama zako, huanza nayo, ikiikuta inachukua kinachofuata. Majina utayasahau, utapata faili zimeandikwa herufi na namba tu, na utazisikiliza moja moja.

Kuna jambo moja ambalo ni vizuri ulijue mapema ili usikate tamaa vibaya. Ulirekodi maiki nne kwa mpigo, maana yake faili nne zilikuwa zinaandikwa kwa pamoja, na huenda vipande vyake vimepishana kwenye diski. PhotoRec haiwezi kazi hiyo vizuri, utasikia alto inaimba sekunde kadhaa halafu ghafla ni besi. Waongozaji waliingia mmoja mmoja, na faili zao zina nafasi kubwa zaidi ya kutoka nzima. Ukiniuliza nibashiri, nitasema huyo dada wa Dodoma anaweza kurudi kabla ya kwaya.

Faili ikirudi lakini haifunguki, usiitupe. WAV huanza na kichwa kifupi kinachosema sauti ni ndefu kiasi gani na ni ya aina gani, na kichwa kikiharibika programu nyingi hukataa faili nzima wakati sauti ipo. Fungua Audacity, programu ya kuhariri sauti, chagua kuingiza "Raw Data", iambie ni biti 24, chaneli moja, na ile kilohezi uliyorekodia. Mwanzoni utasikia mlio wa kukwaruza, baadaye mtu anaimba. Ukisikia kelele tupu tangu mwanzo mpaka mwisho, rudia ukibadilisha pa kuanzia kwa baiti moja, kisha mbili, maana biti 24 ni baiti tatu tatu na ukianzia katikati hakuna kinachosikika. Na kama kwenye Cubase ulikuwa umechagua kurekodi kwa Broadcast Wave, aina ya WAV yenye maelezo ya ziada, ndani ya faili kumeandikwa tarehe, saa, na mahali ilipoanzia kwenye wimbo. Ukiiburuta kwenye projekti, chagua "Move to Origin" na itajipanga pale pale ilipokuwa.

Sasa kwa nini nyimbo zote nane. Hukuniambia, ila nina uhakika wa karibu kabisa ulivyofanya: ulimaliza wimbo wa kwanza, maiki zimekaa vizuri, ukafanya "Save As", ukauita wimbo wa pili, ukafuta vilivyomo ukaanza upya. Na wa tatu hivyo hivyo. Kila prodyuza anafanya hivi ili asipange upya mikisa. Tatizo ni kwamba faili ya projekti haina sauti ndani yake. Ni daftari la ghala la kahawa: limeandika gunia gani liko wapi na limetoka kwa nani, lakini magunia yenyewe yako chumba kingine. Ulipofuta sauti kwenye ukurasa wa wimbo, ulifuta mpangilio. Kwenye "Pool" ya Cubase, yaani orodha ya sauti zote za projekti, majina yakabaki na kuhamia wimbo unaofuata. Ukifika wa nane, daftari moja lina orodha ya sauti za albamu nzima. Dogo akafungua toleo lisilo na sauti hata moja ya mwimbaji, akaiambia kompyuta iondoe visivyotumika. Kwa projekti ile, visivyotumika vilikuwa kwaya yote. Haikwenda kuuliza zile projekti nyingine saba, kwa sababu haijui kama zipo. Steinberg, watengenezaji wa Cubase, wameonya hilo kwenye maelekezo yao: kabla hujafuta faili za sauti moja kwa moja, hakikisha hazitumiwi na projekti nyingine. Na "Erase" haipitii Recycle Bin, ndiyo maana uliikuta tupu.

Kinanda na ngoma vimebaki kwa sababu ulicheza kwa MIDI. MIDI ni maagizo tu, noti gani ipigwe lini na kwa nguvu gani, na maagizo hayo yamo ndani ya faili ya projekti yenyewe. Gitaa ukilitafuta nalo utakuta limekwenda na waimbaji, isipokuwa la wimbo wa nane kama lilikuwa bado limo kwenye vile vyombo vitupu.

Mnaotumia programu nyingine za kurekodi, kama FL Studio, msicheke. Faili yenu ya .flp nayo haibebi sauti mliyorekodi, na kama hamjapanga vinginevyo, sauti za wateja wote zinarundikana kwenye folda moja ya "Recorded". Siku mkisafisha folda hiyo mtaniandikia barua hii hii. Wimbo ukiisha, utoeni kama "Zipped loop package", angalau sauti zifungwe pamoja na projekti. Wa REAPER, mnapohifadhi mara ya kwanza tiki sehemu ya kuipa projekti folda yake na ya kunakili midia humo, na ile amri ya kusafisha folda ya projekti muiogope kwa sababu ile ile ya Cubase. Audacity tangu toleo la 3.0 la mwaka 2021 inaweka kila kitu kwenye faili moja, ambayo ni nafuu, ila faili moja nayo hufutika kwa kubonyeza mara moja.

Tuje kwa dogo. Usimkate hata shilingi. Alikuwa peke yake, mteja amesimama mlangoni, diski imejaa, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kitu gani hakiguswi. Ungekuwepo wewe siku ile pengine ungebonyeza vile vile, kwa sababu neno "zisizotumika" linatuliza roho. Mpe kazi ya kusikiliza zile faili za PhotoRec na kuziandika majina. Ni kazi ya kuchosha, na akiimaliza atakuwa anazijua sauti za kwaya ile kuliko wewe.

Kuanzia sasa, kila wimbo folda yake. Mpangilio wa mikisa unaoupenda uhifadhi ukiwa mtupu kwa "Save as Template", na kila wimbo uuanzie hapo badala ya kwenye mgongo wa wimbo mwingine. Kufuta zisizotumika kuwe ni marufuku kwa mtu yeyote, wewe ukiwemo. Piga hesabu: maiki nne kwa saa nzima ni kama gigabaiti 2. Eksteno ya terabaiti 1 inameza zaidi ya saa 400 za kazi ya namna hiyo. Hizo teki mbovu, yaani zile rekodi za kujaribu ulizoziacha, unazozionea kinyaa hazikugharimu kitu, na siku moja silabi iliyomezwa kwenye teki nzuri utaiokota humo.

Nakala ya kwanza itoke kabla waimbaji hawajafika stendi. Wakati wanakunywa soda, wewe unanakili folda nzima kwenda eksteno, unaichomoa, unaiweka kabatini. Nasisitiza kuichomoa, maana iliyochomekwa muda wote inafikiwa na dogo, na virusi, na umeme ukirudi kwa kishindo. Mara moja moja ifungue nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine uone kama wimbo unalia. Nimeona watu wana eksteno tatu, zote zimejaa faili za projekti na hakuna hata sekunde moja ya sauti. Ukitumia "Back up Project" ya Cubase yenyewe, soma vizuri lile dirisha, kuna tiki ya "Remove Unused Files". Iache tupu. Zile faili za .bak zinazojitengeneza nazo zisikudanganye, ni nakala za daftari tu.

Kuna wanaosema weka kwenye Google Drive umemaliza. Gigabaiti 15 za bure zitajaa kwa albamu mbili, na kupandisha WAV kwa bando ni kuunguza hela. Zaidi ya hapo, folda inayojilinganisha na intaneti inafuata kila unachofanya, ukifuta huku nayo inafuta kule, na kapu lake la taka linajisafisha baada ya siku 30. Itumie kwa miksi zilizokamilika ukizigeuza kwanza kuwa FLAC, ambayo hupunguza ukubwa bila kupoteza kitu kwenye sauti. Peter Krogh, mpiga picha Mmarekani, ndiye aliyeieneza kanuni inayofuatwa na wengi: nakala tatu, aina mbili za vifaa, moja ikae mahali pengine. Kwako mahali pengine sio lazima iwe intaneti. Kila kazi ikiisha mpe mwenye kazi sauti zake ghafi kwenye flashi au diski. Hiyo kwaya ingekuwa na nakala nyumbani kwa mwalimu huko Old Moshi, barua yako ingekuwa fupi sana.

Ambalo linanirudisha kwa mwalimu mwenyewe. Panda kwenda kwake wiki hii hii. Usimpigie simu, na usimtume katibu wa kwaya. Ipe Recuva usiku mmoja au mbili, halafu uende na ulichonacho hata kama ni kidogo, kwa sababu mzee akipata habari hizi kwa mtu mwingine hutakaa uaminike tena ukanda ule. Usianze na habari za TRIM wala za dogo. Mwambie sauti zimefutika studio kwako, kiasi fulani kimerudi, kilichobaki utakirekodi upya bila malipo na nauli ya kwaya kushuka mjini ni juu yako. Kisha nyamaza aseme anachotaka kusema. Kama umeshapeleka miksi za awali kwenye simu yake, muombe asizifute, hata kama ni MP3. Siku hizi kuna programu za kutenganisha sauti na vyombo kutoka kwenye miksi, kama Ultimate Vocal Remover. Kwa albamu mimi singezitumia, sauti inatoka kama mtu yuko ndani ya bati, lakini kama mwongozo wa waimbaji kukumbuka walivyoimba zinatosha kabisa. Hesabu ya muda bado iko upande wako pia: kinanda kipo, ngoma zipo, nyimbo wanazijua. Kinachorudiwa ni kuimba na magitaa, na kwaya iliyozoeshwa haihitaji muda ule wa mara ya kwanza.

Na dada wa Dodoma, kama faili zake hazikurudi, usimlipie basi mpaka Moshi. Atafute studio nzuri huko huko. Mtumie WAV ya vyombo vya kila wimbo kuanzia mwanzo kabisa, na tempo umeiandika kwenye jina la faili. Mwambie fundi wa huko arekodi kwa biti 24 na kilohezi zile zile zako, asiweke mwangwi wala kuipamba sauti, na kila faili anayoitoa ianzie pale pale ilipoanzia yako hata kama dada anaingia dakika ya pili, ili wewe uitue tu kwenye mstari. Aitume kama dokumenti, maana WhatsApp ikiichukua kama sauti ya kawaida inaweza kuibana. Wimbo wa dakika tano kwa maiki moja ni megabaiti 43 tu. Ikifika, unajua cha kufanya na ile eksteno kabla hujaifungua.